Malalamiko: printa yenu inapotea kwenye mtandao na maelekezo yenu hayasaidii

Habari zenu ndugu wa huduma kwa wateja,

Nawaandikia kuhusu printa yenu ya wifi ninayoitumia kwa kazi nyumbani. Mashine yenyewe sina ugomvi nayo, inaprinti safi na karatasi hazikwami. Ninacholalamikia ni maelekezo yenu pamoja na wahudumu wenu wa simu, maana kwenye hili suala la kuipa printa anwani ya IP isiyobadilika, yaani ile namba inayoitambulisha kwenye mtandao, mmeniacha nihangaike peke yangu wakati majibu mnayo.

Iko hivi. Programu yenu ya kuinstoo inaitafuta printa, kwangu iliikuta kwenye 192.168.1.103, ikaiandika hiyo namba kwenye kompyuta halafu ikasema tayari. Haikusema popote kwamba hiyo namba ni ya kuazima tu, rauta ndo inaigawa kwa DHCP, yaani mfumo wa kuvigawia vifaa namba wenyewe, na rauta nyingi za nyumbani zinaigawa kwa muda wa saa 24 au karibu na hapo, printa ikikaa imezimwa muda mrefu au rauta yenyewe ikizimika ikasahau orodha yake, printa ikirudi inaweza kupewa namba nyingine kabisa. Na ndicho kilichotokea. Nimeprinti ile karatasi ya taarifa za mtandao kutoka kwenye printa, imeandikwa 192.168.1.117, nikaangalia poti kwenye kompyuta, yaani pale panapoandikwa kazi zipelekwe namba gani, bado inaelekea 103, nikafungua orodha ya vifaa kwenye rauta, hiyo 103 sasa hivi inatumiwa na televisheni! Kwa hiyo kompyuta inapeleka kazi mahali ambapo printa haipo, mi naona tu imeandika oflaini na kazi zimepanga foleni, na printa iko hapo hapo mezani inawaka taa kama kawaida.

Nikawapigia. Kila anayepokea ananiambia futa printa, instoo upya. Ni kweli ukiinstoo upya inaprinti, kwa sababu programu inaitafuta tena na kuandika namba mpya, lakini namba ikibadilika tunarudi palepale. Hiyo ni dawa ya kutuliza maumivu jamani, ugonjwa bado upo.

Sasa njoo kwenye kijitabu chenu. Kuhusu kuweka anwani mwenyewe mmeandika mistari michache tu na hiyo michache ndo imeniharibia zaidi. Mnasema mtu aweke kwa mfano 192.168.1.100, maski (inayoonyesha mipaka ya mtandao wa nyumbani) 255.255.255.0, abonyeze sawa, basi. Hamkumwambia aangalie kwanza rauta yake inagawa kuanzia namba gani mpaka ipi. Yangu inagawa kuanzia 100 mpaka 199, yaani mfano wenu umeangukia humohumo kwenye namba za kugawa, na rauta haina taarifa kama printa imeshajiwekea hiyo namba, ikaja ikaipa simu ya mtu humu ndani. Vikaanza kugombania, mara printa inaonekana mara haionekani, simu nayo intaneti inakatakata na mwenye simu analaumu wifi. Geitiwei (namba ya rauta, njia ya kutokea kwenda intaneti) na DNS (inayobadilisha majina ya tovuti kuwa namba) hamkuzigusa kabisa. Ukiziacha bila kuzijaza kuprinti kunakubali, maana kompyuta na printa ziko mtandao mmoja, ila kuskani kwenda kwenye imeili kunagoma na printa haipati apdeti, mtu anaanza kubadilisha nywila ya imeili bila sababu.

Njia niliyoiona ni salama zaidi, na nimeisoma kwingine kwa sababu kwenu haipo, ni kuiacha printa kwenye DHCP halafu kwenye rauta unaitengea namba yake kwa kutumia MAC, namba ya utambulisho ya kifaa inayowekwa kiwandani, ile yenye herufi na tarakimu jumla 12. Hata hapo mmeniangusha. Stika ya nyuma ya printa ina MAC moja, mhudumu wenu akaniambia niiingize hiyo hiyo, nikaingiza, nikazima na kuwasha vyote, printa ikaja na namba nyingine kama vile hakuna kilichofanyika. Kumbe ya kwenye stika ni ya upande wa waya, wifi ina MAC yake nyingine na inaonekana kwenye ile karatasi ya taarifa peke yake. Zinafanana mwanzo mpaka karibu na mwisho, zinatofautiana tarakimu mbili za mwisho tu, ukisoma haraka huwezi kuona. Mhudumu wa kampuni iliyoitengeneza hiyo mashine anatakiwa ajue hili kabla ya mteja.

Nilipoitengea 192.168.1.150 kwa MAC ya wifi na kuielekeza poti ya kompyuta kwenye hiyo namba, imetulia, hata rauta ikizimwa inarudi ilipokuwa. Ni kazi ya dakika chache kwa anayejua. Mi nimehangaika nikafika, lakini kuna wateja wenu hawajawahi kufungua ukurasa wa rauta maishani mwao, hao mnawaambia wainstoo upya milele?

Sidai kurudishiwa hela. Ninachotaka kijitabu kirekebishwe, huo mfano wa 100 utolewe na yaandikwe maelekezo ya kutenga namba kwenye rauta, stika iwe na MAC zote mbili na iandikwe ipi ya waya ipi ya wifi, programu yenu imwambie mtu wazi kwamba namba inaweza kubadilika, na wahudumu wenu wafundishwe hayo. Nimeambatanisha picha ya stika, karatasi ya taarifa na orodha ya rauta ili msiniulize tena ushahidi.

Naomba nijibiwe na mtu kwa maandishi, siyo ule ujumbe unaojituma wenyewe kwamba malalamiko yamepokelewa, na jibu liseme marekebisho ya kijitabu yanatoka lini.

Mteja wenu.