Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Wanachama wapendwa wa chama chetu cha wazazi na marafiki wa maktaba, Kisumu,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya kazi za chama kuanzia Januari hadi Desemba 2024. Sehemu ya amana na faini za kuazima mikoba ya vitabu vya watoto ni ndefu kuliko nyingine zote kwa kuwa ndiyo iliyozungumzwa zaidi mwaka huu, na mengi yaliyozungumzwa hayakusemwa mkutanini.

Shughuli za mwaka

Hadithi za Jumamosi saa nne asubuhi ziliendelea kwenye kona ya watoto ya maktaba ya umma, isipokuwa wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei. Mnakumbuka shule zenyewe zilichelewa kufunguliwa hadi 13 Mei. Siku ya Vitabu Duniani, 23 Aprili, ilitupita katika mvua hiyo. Siku ya Mtoto wa Afrika tuliiadhimisha Jumamosi, 15 Juni, na Siku ya Kisomo Duniani tukaiadhimisha 7 Septemba. Uji ulipikwa, mikeka 6 ya mafunjo ilinunuliwa, na kona ilisafishwa kila mwisho wa mwezi. Haya mnayajua.

Ila kuna badiliko moja la Jumamosi ambalo lazima lieleweke, kwa kuwa wazazi bado wanaliulizia langoni. Tumegawa watoto makundi mawili. Wa chini ya miaka miwili hukaa mapajani mwa mzazi kwa dakika 15, na kazi yao ni nyimbo, makofi na kitabu kimoja cha kurasa ngumu. Wa miaka mitatu hadi mitano, yaani wale wa chekechea, PP1 na PP2, na wanaokaribia, hupata nusu saa na hadithi mbili. Wakichanganywa, wadogo huanza kulia hadithi ikiwa katikati, na wakubwa huacha kusikiliza ili wawaangalie. Vilevile tumeweka kikomo cha watoto 20 kwa msomaji mmoja. Wakizidi hapo, walio nyuma hawaoni picha. Mtoto asiyeona picha husimama, aliye nyuma yake naye husimama, na baada ya dakika tano msomaji anawatuliza watu badala ya kusoma.

Kwa wanaojitolea kusoma: kitabu kishikwe ubavuni, usawa wa macho ya watoto, kurasa zikiwaelekea wao. Anayesoma akikiangalia mapajani mwake anajisomea mwenyewe. Uliza swali kisha ungoje, uhesabu moyoni hadi tano kabla ya kujijibu. Mtoto akijibu kwa Dholuo, lipokee jibu lake, ulirudie kwa Kiswahili na uendelee, bila kumsahihisha mbele ya wenzake.

Waliojiandikisha kusoma ni wazazi 24. Wanaofika bila kukumbushwa ni 9, wengi wao akina mama wa Nyalenda na Manyatta ambao wana kazi zao za Jumamosi kama sisi sote. Nawashukuru kwa dhati. Wale 15 waliobaki, majina yao yapo kwenye daftari la zamu, nami sitayasoma hapa. Lakini zamu ikiachwa wazi, watoto huwa wameshakaa mkekani, na mara nyingi aliyeijaza zamu hiyo mwaka huu ni mimi au katibu.

Uamuzi wa kufuta amana na faini

Tangu 1 Julai, mikoba ya hadithi inaazimwa nyumbani bila amana ya shilingi 200 na bila faini ya shilingi 10 kwa siku. Baadhi yenu mmesema kamati iliwaruka wanachama. Haikuwaruka. Mkutano mkuu wa 8 Juni uliitishwa kwa ajenda hiyo hasa, na taarifa ilitolewa wiki tatu kabla. Chama kina wanachama 86, akidi ni theluthi moja, yaani 29. Walifika 21. Tuliwangoja wengine kwa saa nzima na robo. Katiba inaipa kamati mamlaka ya kuamua juu ya uendeshaji mkutano mkuu unapokosa akidi, na ndivyo tulivyofanya, wajumbe watano wakikubali na wawili wakikataa. Waliokuwa na hoja nzito dhidi ya uamuzi huu walikuwa na nafasi ya kuitoa siku ile.

Sasa hoja zenyewe. Ya kwanza ilikuwa kwamba vitabu vitapotea. Kila mkoba una kitabu kimoja cha kununua, cha shilingi 400 kwa wastani, na vijitabu vitatu tulivyochapisha wenyewe, vya shilingi 60 kimoja. Januari hadi Juni, tulipotoza amana, mikoba iliazimwa mara 58. Julai hadi Desemba iliazimwa mara 233. Vitabu ambavyo havijarudi tangu Julai ni 11, vijitabu 7 na vya kununua 4, hasara ya shilingi 2,020. Faini zote za nusu ya kwanza zilileta shilingi 1,340. Anayeweza kunionyesha namna nyingine ya kuwafikishia watoto hadithi nyumbani mara 233 kwa hasara ya shilingi elfu mbili, nitamsikiliza.

Tena faini haikuwa ikirudisha vitabu. Mzazi anachelewa wiki moja, anadaiwa shilingi 70. Hana za ziada siku hiyo, basi anaahirisha. Wiki ya tatu deni limefika 210, na sasa anaona haya kupita hata mbele ya meza yetu. Kitabu kinabaki chini ya kitanda, na baya zaidi, mtoto naye haletwi tena Jumamosi. Si kwetu tu. Maktaba ya umma ya Chicago, Marekani, ilifuta faini za kuchelewesha Oktoba 2019, na katika wiki za mwanzo vitabu vilivyorudishwa viliongezeka kwa asilimia 240. Watu walikuwa navyo muda wote, wakiogopa deni.

Mahali pa faini tumeweka sharti moja: familia moja mkoba mmoja, siku 14, na hupati mwingine mpaka wa kwanza urudi. Mtoto mwenyewe ndiye anayemsukuma mama yake, kwa sababu anautaka mkoba mpya. Kitabu kikipasuka, kileteni kilivyo. Msikitie selotepu nyumbani. Baada ya miezi michache selotepu hugeuka manjano, gundi yake hutoka pembeni na kunasa kurasa mbili pamoja, na ukiibandua unaondoka na picha. Supaglu ni mbaya zaidi, hukauka ikawa kama kioo na ukurasa hukatikia hapo hapo. Sisi tunatumia kipande cha karatasi nyembamba na gundi nyeupe ya seremala iliyopunguzwa kwa maji kidogo, kisha kitabu kinakandamizwa usiku mzima chini ya kitu kizito, na karatasi ya nailoni ikiwa katikati ili kurasa zisigandane.

Hoja ya pili ni kwamba wasio wanachama wanafaidi jasho la wanachama. Ni kweli kwamba kati ya mara 233, mara 141 ni familia zisizo wanachama. Kamati haioni hilo kuwa doa. Kona hii imo ndani ya maktaba ya umma. Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka maktaba katika kazi za kaunti, na elimu ya chekechea vilevile. Mama anayeuza omena sokoni Kibuye ana haki katika chumba hiki sawa na mimi mwenyekiti. Shilingi 200 ni mtaji wake wa asubuhi, na tulikuwa tunamwomba autoe kwa wiki mbili ili mtoto wake aone picha ya twiga. Binafsi sikuweza kuendelea kuitetea kanuni hiyo, na nililisema hilo kwenye kamati tangu Februari.

Ya tatu ilikuwa ombi la wanachama kadhaa kwamba fedha za mikoba zinunue runinga kubwa ya katuni. Tulilikataa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja na chini ya hapo asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Saa hiyo wengi wao wanaimaliza nyumbani kwa simu ya mzazi kabla hawajafika kwetu.

Mikoba na vijitabu

Mikoba 40 ilishonwa kwa kitambaa kizito na fundi wa Kondele niliyemtafuta mwenyewe, shilingi 200 mmoja badala ya 350 tuliyotajiwa kwingine. Mwanzoni namba iliandikwa kwa kalamu ya maka, ikafutika mikoba ilipofuliwa, tukawa hatujui upi ni wa nani. Sasa imedariziwa kwa uzi mwekundu. Ndani mna kadi yenye picha za vitabu vyote vinne, ili hata bibi asiyejua kusoma aweze kuhakiki kabla ya kurudisha.

Vijitabu 120 vimetokana na hadithi za African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini na kuweka hadithi mtandaoni tangu 2014 kwa leseni huria. Mtu yeyote anaruhusiwa kuzichapisha mradi tu majina ya mwandishi na mchoraji yabaki. Zipo kwa Kiswahili, Dholuo, Lubukusu na lugha nyingine nyingi. Kijitabu cha kurasa 16 kinahitaji karatasi nne za A4, kila upande ukibeba kurasa mbili, zikunjwe katikati. Mtu wa fotokopi aambiwe ageuze karatasi kwa upande mfupi. Akigeuza kwa upande mrefu, kurasa za nyuma hutoka kichwa chini, na karatasi hizo hazifai tena.

Vile vya kwanza tulivibana kwa stepla. Katika unyevu wa mvua za Aprili pini zilishika kutu, zikatia doa la kahawia na kukata karatasi kwenye mkunjo. Sasa tunashona. Matundu matatu hutobolewa kwenye mkunjo. Sindano hutoka nje kwa tundu la katikati, huingia ndani kwa la juu, huruka hadi la chini na kutoka tena nje, kisha hurudi ndani kwa la katikati. Ncha mbili hufungwa zikiwa zimekumbatia ule uzi mrefu uliopita kati yake. Uzi upakwe nta ya mshumaa kwanza. Kijitabu kimoja huchukua dakika tatu hivi, na hakuna kilichoshonwa ambacho kimeachia kurasa hadi sasa.

Mkoba ukirudi, vitabu hupanguswa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, kikiwa kimekamuliwa sana. Vya kurasa ngumu ndivyo vyenye taabu, kwa kuwa watoto huvitafuna pembeni. Visimamishwe vikiwa wazi kama feni kivulini hadi vikauke kabisa. Vikirudishwa mkobani na unyevu hupata ukungu kwa siku chache, na ukungu huo huhamia kwenye vingine vyote.

Fedha na ada

Tulianza na salio la shilingi 12,750. Ada zilileta 42,500 na michango 18,300, jumla 73,550. Tulitumia 59,150: vitabu 62 kwa 24,800, uji 9,600, mikoba 8,000, vijitabu 7,200, vifaa vya ukarabati 4,150, mikeka 3,000 na usafi 2,400. Salio ni 14,400. Mweka hazina ana risiti zote, na daftari liko wazi kwa mwanachama yeyote.

Ada ni shilingi 1,000 kwa mwaka kwa familia. Waliolipa yote ni 37, waliolipa nusu ni 11, ambao hawajalipa hata shilingi ni 38. Tunadai 43,500, zaidi ya ada tuliyokusanya. Naomba nieleweke. Aliyeshindwa kwa ugumu wa mwaka huu aseme na mweka hazina, na jambo hilo litabaki baina yao. Lakini miongoni mwa hao 38 wamo waliolalamika kwa sauti kubwa kwamba kamati inatapanya fedha za wanachama kwa wasio wanachama, na kati ya hao wasio wanachama wamo waliochangia uji bila kuombwa.

Mwaka ujao

Tunatumai kufikisha mikoba kwenye chekechea za kaunti zilizo karibu, fedha zikipatikana. Tunatumai pia kupata pazia na viti viwili kwa ajili ya akina mama wanaonyonyesha, na hadithi zaidi za Dholuo. Mazungumzo na wahusika yameanza na yanaleta matumaini. Wanaojua kudarizi au kushona kwa mkono wanahitajika mapema.

Mikoba yote irudishwe kufikia Jumamosi ya mwisho ya Januari ili ihesabiwe na kukarabatiwa. Mkutano mkuu utatangazwa na katibu, na uamuzi wa amana utakuwa ajenda ya kwanza. Akidi bado ni 29.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti