Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mimi simo kwenye hesabu yao

Mheshimiwa Waziri,

Kijikaratasi cha kliniki niliyokwenda Nairobi kilitangaza kwa herufi nene: asilimia 60 ya wateja wetu hufanikiwa. Nilikuwa na miaka 39. Tukakopa sacco, tukauza kiwanja, tukaanza IVF, yaani yai kutungishwa maabara kisha kupandikizwa tumboni.

Zile sindano za homoni hazitaki joto. Nilizileta Mombasa ndani ya chupa ya chai niliyoijaza barafu, nimeipakata usiku kucha kwenye basi, kondakta akidhani nampelekea mgonjwa uji. Siku kumi na moja nikajichoma tumboni. Yakavunwa mayai manne, mawili yakatunga, na siku ya tatu yote mawili yakaacha kukua. Hapakuwa na cha kupandikiza.

Baadaye nikapiga simu kuuliza: je, mimi nimewekwa upande gani wa ile sitini? Muuguzi, mwana wa watu, hakunificha. “Dada, wewe humo. Sisi huhesabu waliopandikizwa.” Na aliyefanikiwa ni nani? Yule ambaye kipimo cha damu kimeonyesha mimba. Ikiharibika mwezi wa pili, kwenye vitabu vyao bado amefanikiwa.

Ni hesabu ya kugawanya tu, Mheshimiwa. Waondoe walioshindwa njiani, jibu litapanda lenyewe.

Uingereza, alikozaliwa Louise Brown mwaka 1978, mtoto wa kwanza wa IVF duniani, mamlaka yenye kutoa leseni hukusanya takwimu za kila kliniki na kuzitoa hadharani. Marekani wana sheria tangu 1992 inayotaka kliniki ziripoti. Huko kwa Waingereza, mwanamke wa chini ya miaka 35 hupata mtoto kwa takriban kiinitete (yai lililokwisha kutungishwa) kimoja kati ya vitatu vinavyopandikizwa. Akifika miaka 43, kwa mayai yake mwenyewe, hakifiki hata kimoja kati ya kumi. Sasa ile sitini yangu ilikuwa ya umri gani? Hakuna aliyeniambia, nami, kwa ujinga wangu, sikuuliza.

Mwaka 2016 watafiti wa Aberdeen, Uingereza, walitumia kumbukumbu za wanawake 113,873 kutengeneza njia ya kumkadiria kila mmoja peke yake: umri wake, miaka aliyotafuta mtoto, kama amewahi kushika mimba, chanzo cha tatizo, kisha, baada ya jaribio la kwanza, idadi ya mayai yaliyovunwa. Lakini hao ni Waingereza. Kwetu mirija ya uzazi iliyozibwa na maambukizi ni chanzo kikubwa, kwa hiyo makadirio yao hatuwezi kuyaazima kama kanga ya jirani bila kuyapima kwa takwimu zetu wenyewe.

Mswada wa uzazi wa kusaidiwa ambao mbunge Millie Odhiambo ameupigania kwa miaka unagusa leseni za kliniki. Kanuni zikiandikwa, naomba mwanamke aandikishwe siku ya sindano ya kwanza, si siku ya kupandikizwa, na afuatwe mpaka mtoto alie. Mayai ya kuchangiwa yawe na safu yake, maana yai hufuata umri wa aliyelitoa, na kliniki inayoyatumia sana itaonekana hodari kuliko ilivyo. Na kabla mtu hajalipa hata shilingi, apewe makadirio yake yeye kwa maandishi. Mwenye miaka 42 akiambiwa nafasi yake ni finyu na bado akataka, na ajaribu. Auze kiwanja akijua.

(Wenzangu wa foleni walinionya nisiandike. Kliniki ikikuchukia, wanasema, utakwenda wapi?)

Mdogo wangu ana miaka 34, mirija yake imeziba, na mwezi ujao ana miadi katika kliniki nyingine. Jana alinitumia picha ya kijikaratasi chao. Kimeandikwa asilimia 65.

Wako,
Mkazi wa Likoni, Mombasa