Wakiamka, nani atawapokea?

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia, lakini makala yenu kuhusu watu wanaogandishwa Marekani wakishafariki, wakitumaini kufufuliwa siku moja, imenishinda. Mmeeleza mitungi yote ya Arizona wanamohifadhiwa, naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na James Bedford aliyegandishwa Januari 1967. Akili ya huyo atakayeamka hamkuigusa hata kwa mstari mmoja. Bedford alizaliwa 1893. Afumbue macho leo, rika lake lote limeshazikwa, nani atakaa naye?

Najua hakuna aliyeamshwa kutoka huko. Wapo waliorudi kutoka karibu na huko. Anna Bågenholm, daktari wa Sweden, mwaka 1999 alinasa chini ya barafu nchini Norway dakika 80, mwili ukashuka hadi nyuzi 13.7, moyo umesimama. Alipozinduka amepooza, aliwakasirikia wenzake kwa kumwokoa. Hiyo ndiyo habari, na ndiyo mliyoiacha.

Kaka yangu aliwekwa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, kwenye mashine ya kupumulia, akatoka hai, tukamshukuru Mungu. Nyumbani hakulala. Feni ikiwashwa anajikunja ukutani, anasema ndiyo ile mashine, na kwamba usiku manesi walikuwa wakimuuza huku amefungwa mikono. Mikono alifungwa kweli, asing'oe mipira. Mengine yalikuwa kuweweseka, jambo linalowapata wengi humo kwa ukali wa ugonjwa na dawa za usingizi, na madaktari wanalijua vizuri. Sisi hatukuambiwa. Karatasi ya ruhusa ilikuwa na vidonge na tarehe ya kliniki, basi. Huduma za utengamao, za kumrudisha mtu katika hali yake, hakuna aliyezitaja. Majirani wakasema amechezewa, shangazi akaleta mganga, na fundi magari hodari akawa anashika spana asikumbuke alitaka kuifanyia nini. Bili peke yake ndiyo iliyokamilika, hadi glavu zilihesabiwa.

Na hili la kufukuza ndugu wodini? Tulikaa kwenye benchi la nje, tukaruhusiwa kuchungulia jioni tu. Mgonjwa anazinduka haoni sura anayoijua, hana wa kumwambia, "Kaka, leo Jumatano, uko hospitali, mama yuko nje."

Ninachotaka ni kila kitanda cha ICU kiwe na kaunta buku, ya kwaya mbili inatosha. Nesi wa zamu na ndugu waandike kila siku: leo umewekewa mpira, leo tumekufunga mikono kwa sababu hii, leo mama amekuja. Hospitali za Skandinavia zinafanya hivyo miaka mingi, na hao wa kwenye mitungi nao waandikiwe la kwao. Mgonjwa akiruhusiwa akabidhiwe. Kurasa za mwisho ziachwe wazi kwa maswali yake, na siku ya kliniki daktari azisome kabla ya kumpima presha.

Msomaji wenu,
Tanga