Hema la washauri nasaha hukunjwa kabla ugonjwa haujafika

Mhariri,

Likitokea janga hapa Nairobi, siku hizi hema la washauri nasaha halikosi. Moto ukiteketeza mtaa wa mabati, jengo likiporomoka, mito ikifurika kama ilivyofurika mwaka 2024 na kuwafagia watu wa Mathare, hema husimamishwa, viti vya plastiki vikapangwa, na vijana wenye jaketi za kung'aa wakaketi na waliofiwa. Wanafanya kazi njema, sina nia ya kuwabeza. Shida yangu ni kalenda. Baada ya siku chache hema linakunjwa, na ugonjwa ambao watu wanadhani umetibiwa pale bado haujafika.

Kwa vigezo vya kitabibu vinavyotumiwa sana, daktari hawezi kusema mtu ana maradhi ya kiwewe, yaani mshtuko wa janga unaokataa kuisha, mpaka dalili zidumu zaidi ya mwezi mmoja. Kabla ya hapo, kukosa usingizi, kulia ovyo na kuruka mlango ukigongwa ni mwili kuitikia balaa. Wengi hutulia wenyewe wakipata usalama, chakula na watu wao wa karibu. Wanaobaki wamekwama ni wachache, na hao ndio wanaohitaji kutafutwa wakati hema limeshapelekwa kwingine.

Si nadharia ya mbali hii. Bomu la Agosti 7, 1998 lililolenga ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, liliua watu 213 hapa jijini na kujeruhi maelfu. Kati ya mwezi mmoja na mitatu baadaye, Dkt Frank Njenga, daktari wa magonjwa ya akili, na wenzake walikusanya majibu ya dodoso kutoka kwa Wakenya 2,883. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribia vigezo vya maradhi hayo. Hiyo si asilimia ya wakazi wote wa Nairobi, isisomwe hivyo. Mimi hata hivyo hunivutia zaidi orodha ya mambo yaliyoambatana na hali mbaya. Wanawake. Wasio na ndoa. Wenye masomo machache. Waliouona mlipuko kwa macho, waliojeruhiwa na majeraha yakakataa kupona, waliofiwa, walioishiwa fedha baada ya tukio. Na wale ambao hawakuwa wamemfungulia rafiki moyo.

Isome orodha hiyo, kisha utembee Mukuru, mtaa wa mabanda ninakofanya kazi. Utadhani iliandikwa kwa ajili yetu.

Mwenye shaka ataniambia utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba kunyamaza ndiko kulikowaumiza. Pengine aliyeumia zaidi ndiye aliyeshindwa kusema. Nakubali. Tena sitaki mtu alazimishwe kusema. Kulikuwa na mtindo, ulioenea sana miaka ya tisini, wa kuwaketisha manusura mara moja tu, siku chache baada ya tukio, na kuwahimiza wasimulie kila kitu. Majaribio ya kitabibu yalipopimwa pamoja, ilionekana kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii maradhi ya kiwewe, na wapo ambao huenda kiliwaongezea. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri pia watu waliotoka kupatwa na janga wasipewe tembe za kutuliza za jamii ya Valium kama tiba ya mshtuko huo. Nalitaja hili kwa sababu mtaani jirani mwenye huruma hukosi, naye hakosi tembe ya kulala kwenye kabati.

Anayeugua haji akisema ana kiwewe. Huja na kichwa, na mgongo, na tumbo linalowaka, na presha iliyopanda. Hupimwa malaria ikakosekana, akapewa dawa ya vidonda vya tumbo, akarudi tena. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza upya. Baba mtu hurudi usiku akinuka chang'aa, na nyumba nzima inajua kwamba sufuria ikianguka kwa kishindo, patachimbika. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Mwaka 2023 serikali ilitukabidhi wahudumu zaidi ya 100,000 nchini mikoba yenye mashine ya presha, kipimo cha sukari na vifaa vingine, nayo imesaidia kweli. Nikishapima presha huwa nauliza: unalala vipi? Hapo ndipo mazungumzo huanza. Hapo pia ndipo mkoba wangu huishiwa, kwa kuwa hamna ndani yake cha kumsaidia anayejibu kwamba halali.

Nimpeleke wapi? Hospitali ya Mathari, ya magonjwa ya akili, ipo tangu 1910, pale Thika Road, nayo imebebeshwa mzigo wa taifa zima. Kwa mtu wa Mukuru ni kubadilisha matatu kwenda na kurudi, siku ya kibarua imepotea, na akifika nyumbani wapo watakaomwuliza kwa kejeli kama kichwa kimenyooka. Jina la hospitali hiyo tumelifanya tusi tangu utotoni, na hilo ni kosa letu sisi, si la madaktari wake. Mshauri wa kibinafsi naye, kikao kimoja kinaweza kula ujira wa siku kadhaa za kufua nguo.

Kwa makaratasi tuko vizuri. Jopo lililoongozwa na Dkt Njenga huyo huyo lilipendekeza mwaka 2020 kwamba hali ya afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka 2022, na serikali za kaunti zikapewa wajibu wao humo. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Yote haya nayapongeza.

Lakini jibu la swali langu lilishapatikana hapa hapa jijini, na ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu halijafika kwenye mkoba wangu. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika mitaa ya pembezoni mwa Nairobi, likiwahusisha wanawake 421 waliowahi kupitia ukatili wa kijinsia na waliokuwa na dhiki ya moyo. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida kutoka kwa wauguzi. Kundi la pili lilipewa vikao vitano, kimoja kwa wiki, kila kimoja dakika 90, kwa mpango wa Shirika la Afya Duniani uitwao Problem Management Plus. Waliotoa vikao hivyo hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa wahudumu wa jamii kama mimi, waliofunzwa na kusimamiwa. Walifundisha kupumua polepole mwili unapokaza, kulichambua tatizo moja moja, kurudia shughuli zilizoachwa, na kutafuta watu wa kuegemea. Miezi mitatu baadaye, dhiki ya kundi la vikao vitano ilikuwa imepungua zaidi ya ya lile jingine. Haikuwa tofauti ya miujiza, ilikuwa ya wastani. Ila mwongozo wenyewe hutolewa bure, na wa kuutumia tayari wapo, wanazunguka nyumba kwa nyumba.

Nijibu pingamizi moja ambalo wataalamu hulisahau na wapangaji wa vyumba hulijua: tutaongelea wapi? Nyumba zetu ni futi kumi kwa kumi, ukuta ni bati, na jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kuinuka. Mama aliyepigwa hawezi kueleza yaliyompata huku aliyempiga amelala nyuma ya pazia. Kanisani? Chumba kipo, lakini kina mama wa kanisa nao wana macho. Shuleni Jumamosi inawezekana, mwalimu mkuu akikubali. Pazuri zaidi ni zahanati, kwa kuwa kila mtu huenda zahanati na hakuna atakayejua umefuata nini. Kinachotakiwa ni chumba kimoja chenye mlango wa kufunga, alasiri moja kwa wiki.

Na sisi tusiachwe peke yetu. Mhudumu anayesikiliza habari za kubakwa na kuchomewa nyumba, kisha akarudi kupikia watoto wake katika mtaa ule ule, anahitaji mshauri nasaha aliyehitimu wa kukaa naye mara kwa mara, na njia ya haraka ya kumkabidhi daktari mtu anayepanga kujiua au anayesikia sauti, maana vikao vitano havikutengenezewa hao. Posho pia iongezwe kazi ikiongezwa. Nalisema wazi ili nisionekane ninajitolea kwa niaba ya wenzangu.

Kaunti ya Nairobi ianzie kwenye hema lile lile. Kabla halijakunjwa, kila aliyeketi chini yake aulizwe kama angependa kutembelewa baadaye. Akikubali, jina na simu viandikwe na kukabidhiwa zahanati iliyo karibu naye, pamoja na tarehe ya wiki tano mbele. Siku hiyo ikifika, mhudumu wa eneo lake abishe hodi na aulize swali la usingizi.

Nawe mhariri nina ombi. Magazeti hutuma mwandishi na mpigapicha moshi ukiwa bado unafuka. Safari ijayo mrudisheni mwandishi huyo huyo baada ya mwezi, aulize ni wangapi waliotembelewa, na achapishe jibu atakalopewa.

Mhudumu wa afya ya jamii,
Mukuru, Nairobi