Unga unakaguliwa, pumba je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Ninasimamia ubora katika kiwanda cha kukoboa na kusaga mahindi hapa Kibaigwa, wilayani Kongwa. Kila habari ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu, inapotoka magazetini, wasomaji humgeukia mkaguzi wa serikali: alikuwa wapi, mbona hakuja? Yupo mkaguzi mwingine ambaye sijaona akitajwa, naye ni yule wa ndani ya kiwanda. Huyo ndiye ninayetaka kumsemea, kwa sababu namna tunavyoandaa kazi yake inamfanya asione kitu.

Kiwanda kinachofuata ISO 22000, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa usalama wa chakula, toleo la 2018, kinatakiwa kijikague chenyewe kwa vipindi kilivyojipangia. Ukaguzi huo si ule wa watu wa cheti, wala si wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambao ndio wenye dhamana ya usalama wa chakula tangu mwaka 2019 walipoichukua kazi hiyo kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Huu ni wa kwetu sisi kwa sisi, na haukusudiwi kumfurahisha mtu. Lakini angalia unavyoandaliwa. Tarehe inabandikwa ubaoni mapema. Wiki hiyo kuta zinapakwa chokaa, vijana wanagawiwa kofia na barakoa mpya, mitego ya panya inapewa namba upya, halafu mtu mmoja anafungiwa ofisini na kalamu azibe mapengo ya daftari.

Niliwahi kualikwa kusaidia ukaguzi wa aina hiyo kwenye kiwanda cha jirani. Daftari la unyevu wa mahindi lilikuwa safi ajabu: asilimia 12.8, 12.8, 12.8, ukurasa baada ya ukurasa, wino uleule na mwandiko uleule, mpaka siku ya Idi ambayo kila mtu mjini anajua geti lilifungwa. Mahindi ya Kiteto na ya Mpwapwa, yaliyokuja kwa malori tofauti, yote unyevu mmoja! Nikamwomba kijana wa maabara anionyeshe kipima unyevu. Akavuta droo, akakitoa, akakibonyeza, kimya. Hakikuwa na betri. Orodha ya maswali niliyokuwa nimepewa ilisema tu: "Je, kumbukumbu za unyevu zipo?" Jibu lake ni ndiyo, zipo.

Huku kwetu hili si jambo la makaratasi. Mwaka 2016 watu 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, na ilipofungua tena siku chache baadaye ilitaka kila shehena iwe na cheti kuonyesha kuwa sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Sumu hii haionekani kwa macho na haina harufu, na ugali ukiiva vizuri namna gani haiondoki. Kinga yetu ni kuizuia getini, na kizuizi chenyewe ni kijana mmoja mwenye bambo, kile chuma cha kuchoma gunia na kutoa sampuli.

Hapo ndipo ningependa maandalizi yaanzie. Sumukuvu haisambai sawasawa kwenye shehena; punje chache zilizooza zinaweza kubeba sumu ya gunia zima, na gunia la pembeni yake likawa salama. Utaratibu wetu ulioandikwa unasema sampuli itolewe juu, katikati na chini ya lori. Ukiusoma ofisini utaweka alama ya vema na kwenda kunywa chai. Ukisimama getini saa nne asubuhi, jua limeshakuwa kali na malori yamepanga foleni, utamwona kijana anachoma yale magunia ambayo mkono unayafikia, basi. Madalali wanalijua hilo zamani. Magunia ya nyuma ya lori ndiyo mazuri kuliko yote, na ukitaka kupanda juu utaambiwa, "Dada, hayo ya ndani ni yaleyale, unatuchelewesha." Kwa hiyo anayepanga ukaguzi asianze kwa kunakili vifungu vya kiwango kuwa maswali. Afungue kwanza faili la malalamiko ya wateja, aangalie majibu ya maabara ya msimu uliopita na dosari za ukaguzi uliotangulia ambazo ziliandikwa "zimerekebishwa", kisha apange muda wake kufuata hatari ilipo. Getini anaweza kukaa nusu siku. Kwenye vyoo robo saa inatosha.

Jambo la pili ni nani akague. Kiwango kinataka mkaguzi asiyeegemea upande, na kwa maana hiyo mtu hakagui kazi yake mwenyewe. Wenye viwanda vidogo wakisikia hivyo wanakata tamaa, maana afisa ubora ni mmoja, ndiye aliyeandika taratibu zote na ndiye anayezisimamia. Sisi tulimpa kazi mhasibu. Bosi alicheka, na mafundi mitambo wakacheka zaidi. Mama yule alitumwa dukani anunue pakiti ya kilo mbili ya unga wetu, akarudi nayo akaiweka mezani na kuuliza: hii ilisagwa lini, kwa mahindi ya lori gani, na wenzake wako wapi sasa hivi? Alipopata namba ya toleo, ile inayotambulisha unga uliosagwa pamoja, hakuishia hapo kama ambavyo ningeishia mimi. Alichukua kilo za mahindi yaliyoingia, akatoa unga, akatoa pumba, akatoa uchafu wa chekecheo, na hesabu ikakataa. Tani kadhaa za mahindi zilikuwa zimeingia kwenye mashine bila kuandikwa zilikotoka. Zilikuwa za mteja aliyeleta yake kusagiwa, zikapita njia ileile bila kupimwa. Mimi nimesomea sayansi ya chakula na sikuwahi kuliuliza swali hilo, kwa sababu kwenye orodha yangu ufuatiliaji ulikuwa mstari mmoja.

Sasa nije kwenye pumba, ambazo ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Tunapokoboa mahindi, ganda na kiini vinaondoka, na sehemu kubwa ya sumukuvu inaondoka navyo. Ndiyo maana sembe hupima chini kuliko dona ya mahindi yaleyale. Lakini sumu haijapotea, imehamia kwenye pumba, tena kwa wingi zaidi katika kila kilo. Pumba zinafungwa kwenye viroba vilivyotumika, zinatoka mlango wa nyuma bila namba ya toleo na kuuzwa kwa wafugaji. Ng'ombe anayekula chakula chenye sumu hiyo huitoa kwenye maziwa ikiwa katika umbo jingine, na maziwa yanakwenda kwa watoto. Kiwango chenyewe kinahesabu chakula cha mifugo kuwa sehemu ya mnyororo wa chakula. Hata hivyo, katika mipango ya ukaguzi wa ndani niliyowahi kuonyeshwa na wenzangu, sijaona hata mmoja wenye ukurasa wa pumba. Ukaguzi unakwisha pakiti ya sembe inaposhonwa.

Hata lori tunalolikataa getini halimo kwenye mpango wa mtu yeyote. Tunaandika "limekataliwa", tunafunga daftari, nalo linageuza na kwenda mashine ya mtaa wa pili ambako hakuna anayepima chochote. Sijui kama kiwanda kina mamlaka ya kufanya zaidi ya hapo, lakini TBS wangetupa walau namba moja ya kuripoti lori la namna hiyo saa ileile, mimi ningekuwa wa kwanza kupiga.

Kwetu tumekubaliana pumba ziingie kwenye ukaguzi ujao: zipewe namba ya toleo, na sampuli zake zipimwe pamoja na za unga. Bosi anauliza gharama ya vipimo itatoka wapi, na mfugaji akiambiwa pumba zimezidi kikomo tutazipeleka wapi. Hayo ni maswali ya haki na sina majibu yake yote. Kama kuna wasagishaji wa Iringa, Mbeya au Rukwa ambao tayari wanapima pumba zao, naomba waandike katika safu hii watueleze zile zinazozidi wanazifanya nini.

Msimamizi wa ubora (jina limehifadhiwa),
Kibaigwa, Dodoma