Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma Mhazini. Mimi naomba nizungumzie makusanyo yenyewe, hasa noti za benki za kitaifa za Marekani, yaani noti zilizotolewa na benki binafsi zenye hati (kibali) ya serikali kuu, ambazo wengi wenu mmezigeukia mwaka huu.

Swali lililojirudia vikaoni ni hili: inakuwaje noti ya benki ya jimbo (iliyopewa kibali na jimbo) ya miaka ya 1850 iuzwe kwa bei ya chini kuliko noti ya mji mdogo ya mwaka 1905? Jibu ni malipo. Benki nyingi za majimbo zilipofilisika, noti zao hazikulipwa na yeyote. Zikabaki kwenye masanduku, baadhi hata bila kusainiwa. Kuanzia 1863 benki iliyopewa hati ya kitaifa ililazimika kuweka hatifungani za serikali Hazina kabla ya kutoa noti. Hata ikianguka, noti zake zililipwa, kisha zikateketezwa. Noti hizo zilitolewa hadi 1935, na za baadhi ya benki leo zimebaki chache mno. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza umri wa noti, ulizeni ngapi za benki ile zimesalia. Tafuteni kwa namba ya hati, maana "First National Bank" ziko tele. Namba 1 ni ya Philadelphia, na namba zilivuka 14,000.

Kuna waliolalamika kwamba wameuziwa noti zenye kingo zilizopinda. Poleni, lakini hiyo si kasoro ya kurudishia noti. Kabla ya toleo la 1929 benki zilipelekewa karatasi nzima. Rais wa benki na keshia wakasaini, kisha noti zikakatwa palepale, mara nyingi kwa mkasi. Mimi binafsi huzipenda hivyo.

Kasoro ya kweli ni saini iliyofifia kisha ikapitishiwa wino mpya. Kamati imeamua noti ya namna hiyo isiingie kwenye maonyesho yetu, wala iliyofuliwa au kupigwa pasi. Najua uamuzi huu umewaudhi baadhi yenu. Hoja zenu zitasikilizwa leo.

Wanachama wapya waanze na toleo la 1929. Saini zake zimechapwa, na za benki kubwa za mijini bado hazijapanda sana bei.

Ada ya mwaka ipokelewe na Mhazini kabla ya kikao kufungwa.

Mwenyekiti