Barua kwa mwanangu: una ruhusa ya kumkatalia mtu mzima

Mwanangu mpenzi,

Sasa unasoma mwenyewe bila kusaidiwa, ndiyo maana nimeandika. Mengine ya humu nimekwisha kukuambia, lakini nataka uwe nayo uyasome tena siku ambayo sipo karibu.

Tumekulea utii wakubwa. Ukitumwa unakwenda, ukikanywa unasikia. Adabu hiyo naipenda na sitaki uiache. Ila ina mpaka, na mpaka wenyewe ni mwili wako. Mtu yeyote, awe mwalimu, mjomba, binamu, kiongozi wa dini au rafiki wa baba yako, akikushika kwa namna usiyoitaka, sema "Sitaki", msukume, piga kelele, kimbia. Hutakuwa umekosa adabu. Akija kunishtakia kwamba umemkatalia, nitakusikiliza wewe kwanza. Hata jamaa anayekupenda kwa dhati akitaka kukubusu nawe hutaki, mpe mkono, inatosha.

Uume, uke, matako na kifua ni sehemu zako za siri. Zitaje kwa majina hayo bila aibu, maana mtoto anayejua kutaja mahali aliposhikwa hueleweka upesi. Asitokee mtu wa kuzichezea, kuzipiga picha, au kukutaka uguse za kwake. Daktari anaweza kuzikagua ukiwa mgonjwa, baada ya kukueleza anachofanya, nami nikiwepo.

Umeonywa sana juu ya watu usiowajua, na onyo hilo ni la haki. Lakini mara nyingi anayemdhuru mtoto ni mtu ambaye mtoto anamfahamu. Hana sura ya kutisha. Pengine ndiye anayekuchekesha kuliko wote. Huanza taratibu: zawadi, sifa, kukuambia kwamba hakuna mtoto anayempenda kama wewe, kutafuta visababu mbaki wawili tu. Kisha hukupa siri ndogo isiyo na madhara, aone kama utaificha: "Nimekuachia simu yangu uchezee, usimwambie mama." Ukiificha hiyo, amekwisha kujua kwamba unaweza kuficha na kubwa zaidi. Kwa hiyo siri ya namna hiyo niletee, hata ukiiona ya kipuuzi. Kumfichia mtu zawadi ya siku yake ya kuzaliwa ni sawa, kwa kuwa atajua na atafurahi. Siri ambayo mtu mzima anataka isijulikane kamwe ndiyo inayonitia hofu.

Mtoto mwenzako naye anaweza kukufanyia hivyo, na jibu ni lile lile. Kwenye simu, mtu mzima anaweza kujifanya mtoto wa rika lako. Akiomba picha yako bila nguo, usitume. Kama umeshatuma na sasa anakutisha, usimtumie nyingine wala usifute ujumbe wake, niletee simu. Sitakuchapa.

Pengine siku hiyo hutaweza kupiga kelele. Mwili ukiogopa sana unaweza kuganda na sauti ikakataa kutoka, na hilo huwapata hata watu wazima wenye nguvu. Kama ulipokea zawadi zake, kama ulinyamaza mwaka mzima, hata kama mwili wako ulihisi raha (hili wazazi wengi tunaona haya kulisema), kosa ni la aliyekutendea. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, unazitaka serikali zikulinde dhidi ya ukatili wa kingono. Haujamwekea mtoto sharti la kuwa shujaa kwanza.

Ukija kuniambia, nitakuamini. Huenda nikalia, lakini sitakuwa nimekukasirikia wewe. Sitaweza kukuahidi kwamba nitalificha jambo hilo, maana itabidi tutafute msaada, ila hakuna hatua nitakayochukua kabla ya kukueleza. Tutakwenda hospitali mara moja hata kama husikii maumivu, kwa sababu zipo dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi ambazo lazima zianzwe ndani ya saa 72. Hata saa hizo zikiwa zimepita, miezi au miaka, bado njoo useme. Msaada mwingine upo.

Na kama ni mimi ninayekuogopesha, au nimekusikia nusunusu kwa sababu ya kazi, mwambie mwingine. Asipokuamini, mwambie wa tatu. Usikome mpaka apatikane anayechukua hatua.

Nyuma ya karatasi hii andika majina ya watu wazima watatu unaoweza kuwaambia jambo lolote, angalau mmoja awe wa nje ya nyumba yetu. Uchague mwenyewe, na si lazima niwemo. Ukimaliza nionyeshe, niwaambie kwamba umewachagua.

Mama yako